Waya Mmoja Ofisini Kigwa

Nilikwenda Kigwa Alhamisi ile kwa sababu mtandao niliouunda mwenyewe wiki mbili kabla ulikuwa umezimika, na saa nane mchana mkaguzi wa wanunuzi wa asali alitarajiwa ofisini. Chama cha wafuga nyuki cha pale kina kompyuta tatu: moja chumba cha mizani, moja kwa karani, moja kwa mwenyekiti. Mkaguzi alitaka kuona kila ndoo ya asali imetoka mzinga wa nani, na taarifa hizo zote zilikuwa kwenye kompyuta ya mizani, hazifiki kwa karani.

Mwenyekiti, Mzee Mihayo, alinipigia simu asubuhi na mapema kutoka ofisini. Mimi ni mwepesi wa hasira mtu akiigusa kazi yangu. Nilimwambia mtandao wangu haufi wenyewe, kuna mtu amechezea mipangilio. Akauliza nani ana neno la siri. Nikajibu papo hapo kwamba ni Kalunde peke yake. Kalunde ndiye karani, binti aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio.

Saa moja na nusu, mtaani kwangu Ng'ambo, Tabora mjini. Mafundi cherehani walikuwa ndio kwanza wanatoa mashine zao barazani nilipofunga begi nyuma ya pikipiki: koleo, kipimo cha nyaya na swichi ya akiba, yaani kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha kompyuta zote. Jirani aliniuliza mbona nimenuna asubuhi yote hii. Nikamwambia naenda kusafisha uchafu wa watu.

Njia ya Kigwa ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani, wao wakija Tabora kutoka pwani, mimi nikiifuata kinyume. Siku nyingine huwa nasimama na kuitazama. Siku ile niliona mchanga tu na saa ya mkononi. Mabani ya kukaushia tumbaku yalipita, miombo ikapita, nami nikawa napanga maneno makali ya kumwambia Kalunde.

Karibu na reli simu iliita. Alikuwa yeye.

"Dada fundi, mimi sijagusa kitu," alisema. "Mzee ameniambia niandike maelezo, halafu nisiingie ofisini mpaka ufike useme wewe."

Nilimwambia tutaona nikifika, nikakata. Niliwasha pikipiki tena, nikaongeza mwendo. Kumbe ajira ya mtu ilikuwa imening'inizwa kwenye neno langu, na neno lenyewe nilikuwa nimelitoa nikiwa bado na usingizi.

Saa tatu na nusu, Kigwa. Kalunde alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na karatasi magotini. Aliniamkia shikamoo kwa sauti ndogo. Nikaitikia marahaba nikiwa tayari nimevuka mlango. Mzee Mihayo nilimwamkia kwa heshima zake zote. Naye akanijibu kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, fundi," akaninyooshea meza.

Nilianza na mipangilio, maana huko ndiko nilikotaka kumkuta Kalunde na kosa. Ilikuwa vilevile nilivyoiacha, anwani kwa anwani. Hilo lilinitisha kuliko kama ningeikuta imevurugwa. Nikapima nyaya za ukutani, zote nzima. Saa tano na robo nikaamua swichi imeungua. Nikaitoa, nikaweka ya akiba, nikahamisha nyaya tundu kwa tundu bila kuzitazama zinakotoka. Taa zikawaka dakika moja, kisha zote zikaanza kupepesa kwa pamoja kama zimeingiwa na wazimu, na mtandao ukafa mbele ya macho yangu.

Saa sita na nusu. Wafugaji walikuwa wamejaa mlangoni. Nikabaki na njia moja ya kizamani, kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipochomoa wa bluu, taa zilitulia na mtandao ukarudi.

Nikaufuata ule waya. Ulitoka tundu la tano, ukaviringishwa vizuri, ukafungwa kwa uzi wa katani, ukarudi tundu la nane la kisanduku kilekile. Kila ujumbe ulioingia ulikuwa ukizunguka humo bila kutoka, hadi nafasi ikajaa. Nikauliza nani aliuchomeka.

"Mimi, juzi," alisema Mzee Mihayo, tena kwa fahari kidogo. "Niliikuta ncha inaning'inia. Sisi mzinga ukishapanda mtini hatuachi ncha ya kamba chini. Ng'ombe anapita, anaivuta, mzinga unashuka na nyuki wake. Nikaona tundu liko wazi, nikaihifadhi."

Ule waya ulikuwa wangu. Niliuacha kwa ajili ya kompyuta ya nne watakayonunua, upande mmoja umechomekwa, upande mwingine sakafuni, wala sikumwambia mtu. Yeye alifanya anachofanya mfuga nyuki makini. Mimi sikufanya anachofanya fundi makini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilitoka nje nikamwomba Kalunde msamaha pale kwenye benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, dada," alisema. "Ila asubuhi simu ya mzee ilikuwa kwenye sauti ya juu. Watu wote wa mizani walikusikia ukinitaja. Hapa nje tuko wawili tu."

Nikarudi ndani naye. Nikawaambia wafugaji wote kwamba Kalunde hana kosa, mwenyekiti hana kosa, waya niliuacha mimi na jina la mtu nililitaja nikiwa sijui kitu. Mzee Mihayo akamwambia binti arudi kwenye kiti chake. Saa nane mkaguzi alipoingia, Kalunde ndiye aliyemfungulia taarifa, mzinga kwa mzinga, na mimi nilikuwa nyuma nikirudisha vifaa vyangu kwenye begi.

Saa kumi nilishika njia ya kurudi. Kalunde aliniaga kwa adabu, lakini hakunisindikiza hadi kwenye pikipiki kama mara ya kwanza.

Jumatatu, nikiwa nyumbani, mteja mwingine alipiga simu. Mtandao wake umekatika, akataka nimtajie ni nani kati ya wafanyakazi wake anayeweza kuwa ameuharibu. Nilimwambia sijui. Nikamwomba asimuulize mtu yeyote chochote mpaka nifike.