Jina Lisilotajwa Mbele ya Mtoto

Kazi yangu ni kuzunguka ofisi za kaunti ndogo za Tororo, leo Mwello, kesho Kisoko, nikiwasaidia makarani kusajili vizazi kwenye kompyuta. Watu hudhani kinachotutesa ni umeme na mtandao. Hivyo viwili nimeshazoea kuvitukana. Kinachonitoa jasho ni swali la kwanza kabisa la mfumo wetu: jina la mtoto.

Siku moja, tukiwa ofisi ya Iyolwa, aliingia mama mmoja amembeba binti yake mgongoni, wa mwaka mmoja hivi. Mama huyo alikulia Busia ya Kenya, akaolewa huku ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alitaka jina la mtoto libadilishwe. Karani akamuuliza, kama nilivyomfundisha, hospitalini waliandika jina gani. Mama akatikisa kichwa. Karani akarudia.

"Hiyo jina siwezi taja hapa," akasema hatimaye. "Mtoto anasikia."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na foleni ilikuwa imefika nje. Nikamwambia kwamba bila jina la zamani rekodi haipatikani, na isipopatikana haibadiliki. Ndipo akatueleza. Mtoto alisajiliwa siku aliyozaliwa, kabla ukoo haujakaa kumchagulia jina. Baada ya hapo akaanza kulia mchana na usiku, mwili moto. Wazee wa huku wakiona hivyo humtajia mtoto majina ya marehemu wao moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Huyu alinyamazia jina la nyanya wa baba yake, na homa ikashuka. Jina hilo alitutajia waziwazi, tena kwa furaha.

"Yule wa kwanza tulichelewa," akaongeza. "Nilimzika na jina ya hospitali. Sasa huyu akisikia yake ya zamani, na aanze kulia tena?"

Najua homa hutibiwa kwa dawa, lakini kumwambia hivyo mama aliyezika mtoto niliona haya. Nikaomba nimpokee binti, nikatoka naye nje ili wamalizane ndani.

Nilidhani watanong'ona tu. Kumbe rekodi ilikuwa imefungwa, ikabidi karani apige simu makao makuu ya wilaya wamfungulie, na simu yenyewe ilikuwa ya kusikika na kupotea. Mara nikamsikia dirishani akipaza sauti: "Jina la zamani! Nimesema la zamani! Haya, nakutajia herufi moja moja!"

Herufi ya kwanza ikatoka. Mtoto akageuza shingo kuelekea dirishani, mdomo ukaanza kumcheza kama anayetaka kulia.

Mimi mambo haya siyaamini. Hata leo siyaamini. Lakini niliogopa, tena sana. Nililaza sikio lake moja kifuani kwangu, la pili nikaliziba kwa kiganja, nikakimbia naye hadi nyuma ya jengo huku foleni nzima ikinitazama. Nikawa namwita kwa jina la yule nyanya marehemu, tena na tena, hadi mama yake alipokuja kunitafuta.