Santuri Nyuma ya Pazia

Mie karani mzima nilijiumbua Temeke, enzi za Mwingereza. Mtaa mzima, watu wa pwani na wa bara, tulijazana ukumbini kuwasikia watoto waliofundishwa muziki na Mwalimu Idi. Mabinti, kama ilivyokuwa desturi, walipiga nyuma ya pazia. Fidla zilipolia, mwili ukanisisimka, machozi yakanilenga. Watoto wetu hawa? Haiwezekani! Nikasimama, nikapaza sauti: "Mwalimu, usitufanye wajinga. Zima hiyo santuri!"

Muziki ukakatika. Pazia likafunuka kidogo, akachomoza Zuhura wangu na fidla mkononi. Na mie nilidhani kila Ijumaa yuko kwa shangazi yake, anajifunza kushona!

"Shikamoo, baba," akasema. "Santuri imeshazimwa. Tuendelee?"