Mwiko wenye Urembo wa Wadachi

Babu yangu aliniita mke wake tangu nilipozaliwa, na bibi akaniita mke mwenzake, kama utani wa wajukuu unavyoruhusu. Kwa hiyo nilipoanza kuaminiwa kusonga ugali wa uwele, babu alisema ni wajibu wa mume kunichongea mwiko. Shida ni kwamba babu alikuwa mvivu wa kwenda kutafuta mti.

Wakati huo Wadachi walikuwa wakipima njia ya gari la moshi, na vibarua wao walipigilia vigingi mashambani mwa watu bila hata kuwasalimu mbukwa. Kimoja kilisimama katikati ya uwele wa babu: mti mweupe, mnyoofu, hauna fundo hata moja. Babu alikizunguka siku mbili. Siku ya tatu akaking'oa.

"Kilichoota shambani kwangu ni changu," alisema. Hatukumbishia. Kubishana na babu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mwiko ulitoka mzuri mpaka bibi akaona wivu, tena wa kweli. Kwenye mpini babu aliacha alama fulani zilizochomwa kwa chuma cha moto. Alidhani ni urembo. Alisema Wazungu wamempunguzia kazi.

Siku chache baadaye, jua likiwa la utosi, akaja askari na kigingi mkononi, ndugu kabisa wa mwiko wangu, chenye urembo uleule. Alisimama mlangoni pa jiko akatueleza kwamba kimoja cha namna hii kimeibwa, kina namba kama hii hapa, na mwizi atalazwa kifudifudi bomani Mpwapwa ale viboko ishirini na tano. Kisha akaketi. Alikuwa amesikia harufu ya mlenda.

Nami wakati huohuo nilikuwa nasonga ugali, kiganja changu kikiwa juu ya hiyo namba. Nilimtazama babu, aliyekaa karibu na mlango. Mgongo wake ulikuwa ngozi na mifupa. Viboko vitano tu vingemzika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa fisi.

Nikasonga. Ugali ukaiva, nikasonga. Ukakauka, nikasonga.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, maana alikuwa hajaelewa kitu, "huo ugali unausonga au unauomba msamaha? Mgeni ana njaa."

Askari akainuka, akanyoosha mkono. "Lete mwiko, binti, nikusaidie kupakua."

Nikafanya jambo la kwanza lililonijia. Nikauchomoa mwiko, nikaugeuza, nikaudidimiza mpini kwenye ugali, namba na vyote, nikaendelea kusonga nimeshika bapa lenye moto. Viganja viliungua na machozi yakanitoka.

Askari alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Yarabi! Anasonga kwa mpini! Mzee, mjukuu huyu utamwoza nani?"

"Mimi mwenyewe," babu akajibu.

Askari alionja tonge moja, likamkwama, akaondoka na njaa yake. Babu, ambaye kwa kawaida alirudisha ugali kwa ajili ya donge moja, aliumaliza wote, madonge na makoko. Alisema ni mtamu, na huo ndio uongo pekee alionidanganya maishani.

Habari ikafika kila kijiji kabla ya mwezi kuandama. Mchumba wa kwanza alisikia akaghairi. Wa pili hakufika hata kwenye boma la ng'ombe. Kisimani wasichana waliniuliza kama maji nayo nachota kwa kitako cha kibuyu. Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi, lakini ningejiteteaje? Kujitetea ilikuwa kumuuza babu.

Vibarua walipigilia kigingi kingine kwa kukisia. Gari la moshi lilipopita mara ya kwanza, babu alinishika mkono tukaenda kulitazama. Mbele ya shamba letu lilipinda kidogo.

"Unaona, mke wangu," akasema. "Linakupisha."

Niliolewa hatimaye, na mtu wa mbali ambaye habari hazikumfikia. Mwiko ninao, namba imefutika kwa kushikwa, maana siku zote naushika panapostahili. Babu alikufa kwa uzee. Wanaume walipomwosha nilimuuliza kaka yangu mgongo wake ulikuwaje, akanishangaa, akasema ulikuwa laini, hauna hata kovu. Basi waache waseme sijui kusonga ugali.