Nimeapa Sikusikia, na Sahibu Yangu Anafukuzwa

(Mwenye kisa hiki katuomba asijulikane. Jina lake tunalo sisi tu, na halitoki.)

Mimi ni mwanamme wa miaka arubaini na saba, naishi Unguja mjini, nna mke na watoto wanne. Kazi yangu ni kushona na kujaza magodoro ya usufi. Mtaa siutaji, na majina nlotia humu si ya wenyewe. Skuli nlifika darasa la sita tu, kwa hivyo maneno yangu mtayasamehe. Kisa hiki sijamwambia hata mke wangu, na tangu kitokee, nikigongewa mlango moyo unaniruka.

Nna sahibu yangu, nimwite Awadh. Ni Mshihiri, alikuja hapa kutoka Hadhramaut akiwa kijana, akawa anasukuma gari la hamali. Magunia yangu yote ya usufi yeye ndiye aliyekuwa akinletea. Kaoa hapahapa, mkewe nimwite Bi Mize, mwenyeji wa Tumbatu, na watoto wanao. Karatasi za uraia hakuwahi kuzitafuta. Akisema msukuma gari nani atamuuliza kabila yake. Mwaka huu akaulizwa, na akapewa amri arudi kwao.

Kwao hawezi kurudi. Ujanani alikuwa askari wa sultani wa huko, yeye na kaka yake. Serikali mpya iliposhika nchi, kaka yake alitolewa nyumbani mbele ya wanawe akapigwa risasi, na walomchukua wakauliza Awadh yuko wapi. Habari hii ililetwa na baharia mmoja wa kwao, akatusimulia dukani kwangu, sote watatu tumekaa juu ya magunia. Nliisikia kwa masikio yangu. Baharia akaondoka na chombo chake, hajaonekana tena.

Siku ya khitma ya huyo kaka yake, kabla hatujaingia msikitini, nlimvuta Awadh pembeni. Khitma zetu mnazijua, watu husoma, huomba dua, halafu hapakosi mtu wa kuuliza marehemu kafa kwa nini. Na siku hizi, kutaja sultani na risasi mbele ya watu usowajua, unajitafutia. Nkamwambia aseme homa. Akasema homa. Watu wakamuombea maiti rehema, wakala haluwa, wakenda zao.

Ile amri ilipokuja, akaambiwa anaweza kwenda mahkamani iangaliwe tena. Akakwenda, akaeleza anachokikhofu. Bwana wa upande wa serikali akaleta watu wawili walokuwapo khitmani, nao wakasema kama walivyosikia, homa. Akamgeukia Awadh akamuuliza kwa kejeli, "Kaka yako huyu kafa mara ngapi?" Awadh akanitaja mimi, kwamba nliisikia habari yenyewe.

Siku moja kabla sijakwenda kutoa ushahidi, alikuja dukani bwana nisiyemjua. Akawa anabonyezabonyeza magodoro, akaniuliza hali za wanangu, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Halafu akauliza kama kweli baba yangu kazaliwa Ngazija, na lile ombi langu la uraia limefikia wapi, maana sisi wenye asili ya Ngazija, hata tulozaliwa hapahapa, uraia siku hizi tunauomba. Godoro hakununua.

Mahkamani nkaapishwa kwa msahafu. Yule bwana alokuja dukani kakaa nyuma, karibu na mlango. Hakimu alikuwa mtu mpole. Akaniuliza khitmani nlisikia nini, nkasema homa. Akaniuliza tena, "Na mahali pengine popote, hukupata kusikia vyengine?"

"Sikusikia, Bwana Hakimu."

Awadh angeweza kunifedhehesha palepale. Angesema, huyuhuyu ndiye alonambia niseme homa. Alinitazama mimi, akamtazama yule wa mlangoni, akafahamu. Akamwambia hakimu, "Msamehe bwana, huyu kutwa yumo ndani ya usufi, umemziba masikio." Watu wakacheka, hakimu naye akatabasamu. Na mimi nkacheka. Hilo ndilo linaloniua, jamani. Nlicheka nao.

Hakimu kasema hukumu ataitoa baada ya sikukuu, na mwenye neno bado anaweza kulipeleka. Awadh yumo ndani, kafungiwa. Juzi kaja Bi Mize. Nlijua kaja kunitukana, nkajiweka tayari. Akanamkia, akakaa, akasema anataka godoro jembamba la kukunjika, la mtu kusafiri nalo.

Nkamwambia, "Shemegi, hukumu bado."

"Najua bado," akasema. "Lakini melini watu wanalala juu ya chuma, na mgongo wake unamuuma. Kasema nisende kwa fundi mwengine, nije kwako."

Halafu akaniuliza polepole, kama anaogopa kuniudhi, "Kwani kweli hukusikia?"

Nkachukua kamba, nkampimia urefu wa godoro.

Sasa mimi nimekwama. Nikirudi kwa hakimu nikasema kweli, nitakuwa nimekiri kwamba nliapa uongo, na yule bwana wanangu anawajua kwa majina. Ombi langu wataliangusha, wataniambia nirudi Ngazija, na Ngazija sijapata kukanyaga. Nikinyamaza, Awadh atashushwa kule, na walomuulizia hawajamsahau. Nasali, nalia, natubu kila siku, lakini toba yangu ya juu ya mswala haimteremshi mtu melini.

Sikukuu imekaribia. Msinionee haya, nishaurini, nifanye nini? Nakuombeni tu msinijibu kwamba nimwogope Mungu, kwani huyo namwogopa. Na atakayesema nende kwa hakimu, anambie na hili: siku hiyo nnapokwenda, wanangu na mama yao niwaache kwa nani?