Nani Alitangulia Kisimani

Kisima chetu cha mtaani Mabawa kilikuwa kikikauka kila kiangazi, na baba mkwe wangu hakutaka kusikia habari ya fundi. Atakichimba mwenyewe, na mwanawe, mume wangu, atamsaidia. Ubishi wake nao ulikuwa wa kipekee.

Ijumaa ile walishuka tangu asubuhi ili wamalize kabla ya sala, wakachelewa. Mzee alikuwa chini kabisa akijaza ndoo, mume wangu amesimama katikati kwenye vidato vilivyochongwa ukutani, mimi juu navuta kamba. Mama mkwe alikuwa amekwenda Pangani harusini pamoja na watoto wangu wawili. Adhana ilishatoka, wanaume wa mtaa mzima wako msikitini, nami nikawapigia kelele kwamba wataikosa Ijumaa. Mume wangu akacheka. Hapo ukuta ukamwagika.

Vumbi lilipotulia nilimwona yeye, amefukiwa hadi kifuani. Mzee haonekani.

"Nimemshika mkono," aliniambia. "Hanishiki."

Akapapasa, akamwita babake mara mbili tatu. Kisha akasema, "Baba keshakufa. Kimbia kaite watu. Na maji, nipe maji."

Nilikimbia kichwa wazi hadi mlango wa msikiti, nikapiga ukelele katikati ya hotuba. Tuliporudi na wanaume, upande wa pili nao ulikuwa umeshaanguka na kumfunika. Walichimba mpaka alasiri. Wote wawili walizikwa kabla ya jua kuchwa.

Mama mkwe alifika kesho yake. Hakunipa nafasi hata ya kumwamkia. Alinishika mabega akauliza, "Mwanangu aliteseka?"

Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alibaki hai kifusini, ameshika mkono wa maiti ya babake? Nikasema, "Hapana, mama. Wamekwenda pamoja. Kufumba na kufumbua."

Nilimwona akipumua. Wanawake wa matangani wakalidaka neno lile, kila anayeingia kutoa pole akaambiwa wamekwenda pamoja, naye akaenda nalo kwao. Mimi nikajiona nimetenda wema. Nilikuwa mpumbavu.

Nilipotoka eda, shemeji yangu, ndugu pekee wa marehemu mume wangu, alimleta kadhi nyumbani ili mirathi ya mzee igawanywe. Mirathi yenyewe ilikuwa ile nyumba tuliyokuwa tukiishi. Sisi wanawake tuliketi nyuma ya pazia, mama mkwe na mimi goti kwa goti. Kadhi akauliza jambo moja tu, "Nani alitangulia?"

Sikuelewa. Akaeleza polepole, kwa sauti ya kufundisha. Mzee akitangulia hata kwa pumzi moja, mwanawe amemrithi, na fungu hilo linashuka kwa watoto wangu. Lakini wakifa pamoja, au isijulikane nani wa kwanza, hawarithiani. Na wajukuu hawapati kitu maadamu babu yao ameacha mwana aliye hai.

"Walikufa pamoja," shemeji alisema. Hakusema kwa hila. Alikuwa akilia. "Mtaa wote unajua."

Pumzi moja! Watoto wangu walizaliwa chumba kile cha uani, wamejifunza kutembea kwa kushikilia kuta zile, na sasa kumbe paa lao linategemea pumzi ambayo mimi peke yangu niliisikia. Tena nimeikana kwa mdomo wangu mwenyewe. Niligeuka nikamtazama mama mkwe. Alikuwa akivuta tasbihi, ametulia. Utulivu ule ni mimi niliyempa.

Nikasema, "Mzee alitangulia."

Tasbihi ikasimama.

Nikaeleza yote, mkono, kuitwa, nilivyotumwa. Niliongea nikitazama mkeka. Upande wa pili wa pazia shemeji akasema, hana hasira hata kidogo, "Lakini shemeji, si wewe mwenyewe uliyetwambia walikwenda pamoja?"

"Nilisema hivyo kwa ajili ya mama."

Kadhi akauliza kama kuna mwingine aliyesikia. Nani asikie, siku ya Ijumaa, saa ya sala? Akasema maneno yangu ya leo yanapingana na ya matangani, na watoto wangu ndio wa kufaidi, kwa hiyo hawezi kuyashika. Nani alitangulia haijulikani. Mama mkwe atapata thumuni yake, fungu moja katika manane, na sehemu yote ya nyumba inayobaki ni ya shemeji. Nilitaka kupiga kelele tena kama mlangoni pa msikiti. Nilikuwa nimemvunja mama wa watu moyo, na sikuambulia hata kizingiti.

Shemeji alitusihi tubaki, tukae kwa hisani yake. Sikuzaa watoto wakae kwa hisani katika nyumba ya babu yao. Kiburi, najua. Nilifunga vitu vyetu siku ileile, na nilipotoka mlangoni nikamkuta mama mkwe amesimama na furushi lake.

"Mama, wewe una fungu lako humu. Na mwanao aliyebaki yumo."

"Twende," akasema.

Tulitembea mpaka karibu na nyumba ya dada yangu, watoto wametangulia mbele. Hapo akanishika mkono.

"Alisema nini mwisho?"

Uongo mmoja ulikuwa umeshaninyang'anya nyumba. Hata hivyo ulimi wangu haukungoja.

"Alikutaja wewe, mama."

"Usinifanyie hivyo mara ya pili, mwanangu," alisema. "Alisema nini?"

Nikamwambia aliomba maji, nami sikumpa.

Akanikumbatia palepale njiani, na hakuuachia mkono wangu mpaka tukafika.