Nimemaliza mbio bila klachi

Leo msimamizi wa mbio alitaka gari langu lipakiwe kwenye lori. Nimekataa.

Ni haya mashindano ya magari ya zamani, kutoka Mbulu hadi Katesh. Mimi dereva, mume wangu Tluway msoma ramani. Gari ni pikapu ya marehemu baba, ya enzi zile akiwa fundi kwenye mashamba ya ngano ya serikali.

Tulipofika Maretadu, nikakanyaga klachi, ikazama. Haikurudi tena.

Msimamizi akaja. Akanipita mimi kwenye usukani, akaenda dirisha la Tluway.

"Kaka, mwambie shemeji aache. Hii barabara imemshinda."

Jamani, nimekaa hapo hapo nasikia.

Tluway hata hakuinua macho. "Mwambie mwenyewe. Dereva ni yeye."

Sikusubiri aniambie. Nikaweka gia ya kwanza, nikapiga stata, gari likaondoka kwa kurukaruka. Gia nyingine niliingiza kwa kusikiliza injini, kama baba alivyonifundisha.

Mawe, tope, ng'ombe katikati ya njia, na mimi nikisimama tu gari linazima.

Katesh tumefika wa mwisho. Msimamizi yule yule na mwenzake walikuwa wameanza kukunja bango la kumalizia.

Nikatoa kichwa dirishani. "Linyoosheni kwanza, nipite."

Wakatazamana.

Niambieni, nyie mngepanda lile lori?

Maana bango wamelinyoosha, na nimepita chini yake nikiendesha mwenyewe.