Shikamoo ya Gitaa

Jumapili jioni tulikuwa wanne kwenye ile baa ya zamani ya Kariakoo yenye bendi: mimi, wifi yangu Tatu, jirani yetu Felista, na mjukuu wangu Rehema aliyetupeleka. Tunakunywa soda, gitaa la solo linalia, roho zetu kwatu.

Tatu akanichokoza. "Wifi, wa kukujua Kariakoo wamekwisha."

Papo hapo kijana wa meza ya pili akasema kwa nguvu, "Shikamoo!"

"Marahaba, baba." Nikamgeukia Tatu. "Huyo Hamisi, mtoto wa Zaina muuza vitumbua. Mie nisahau jina la mtu?"

Kijana akarudia, "Shikamoo!" Sasa nikainuka, nikamshika kichwa, nikamwombea umri mrefu na mke mwema. Wimbo ukaisha, na baa nzima ikamsikia akinijibu kwa adabu.

"Bibi, nisamehe. Nilikuwa naliamkia gitaa, limenikosha. Halafu mimi naitwa Yosefu, mama yangu yuko Songea."

Tatu alicheka mpaka soda ikampalia. Na mie nikacheka, ningefanyaje?

Kama ulikuwepo na kuna jina nimelikosea hapa, nisahihishe, ila taratibu, Tatu asisikie.